Tony Wilson: mtangazaji wa Manchester aliyewaachia wanamuziki mali yao

Ukitaja Manchester kijijini, swali la kwanza utakaloulizwa ni kama wewe ni mwekundu au wa bluu. Mpira umeuchukua mji ule wote. Lakini wenyeji wa Manchester wana jambo jingine wanalojivunia karibu sawa na mpira, nalo ni muziki wao wa magitaa unaochezeka, uliotikisa Uingereza kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Leo tunaandika juu ya muziki huo na juu ya mtangazaji mmoja aliyeusimamia.

Kilichotusukuma kuandika ni misiba. Novemba 2025 alifariki Gary Mounfield, aliyejulikana zaidi kwa jina la Mani, mpiga besi wa The Stone Roses na baadaye Primal Scream, akiwa na miaka 63. Kabla yake, Mei 2023, aliondoka Andy Rourke wa The Smiths. Na kabla ya huyo, Julai 2022, Paul Ryder wa Happy Mondays. Wapiga besi watatu wa eneo moja, katika muda usiofika miaka minne. Mashabiki wao, ambao wengi sasa ni watu wazima wenye wajukuu, wamekuwa wakizirudia nyimbo za ujana wao na kusimuliana walikuwa wapi waliposikia besi ile kwa mara ya kwanza.

Tulipoanza kusoma habari za watatu hawa tulikuta njia nyingi zinapita kwa mtu mmoja ambaye hakupiga chombo chochote. Anaitwa Tony Wilson. Alifariki mwaka 2007. Alikuwa mtangazaji wa kituo cha kanda, si cha taifa, na alianzisha kampuni ya kurekodi muziki iliyowapa wanamuziki karibu kila kitu na yenyewe ikabaki bila kitu. Wapo wanaomwita mjinga kwa sababu hiyo. Sisi hatuoni hivyo moja kwa moja, ila hatutaficha hasara yake.

Mwalimu wa miaka 17

Anthony Howard Wilson alizaliwa tarehe 20 Februari 1950 huko Salford, mji ulioshikana na Manchester kiasi kwamba mgeni hawezi kujua wapi mmoja unaishia na mwingine kuanzia. Kwao walikuwa na duka la tumbaku. Alipokuwa na miaka mitano familia ilihamia Marple, pembeni ya mji, kwenye nafasi na majani. Alifaulu mtihani wa kuingia sekondari ya De La Salle, shule ya Kikatoliki, akarudi kusoma Salford. Huko alipenda fasihi, na inaelezwa kwamba kilichomwasha ni kuuona mchezo wa Hamlet wa Shakespeare ukiigizwa jukwaani.

Akiwa na miaka 17 tayari alikuwa anafundisha Kiingereza na maigizo katika shule moja mjini Oldham. Kisha akaenda Chuo Kikuu cha Cambridge, akamaliza mwaka 1971. Akapata kazi ya kujifunza uandishi wa habari London, kwenye shirika la habari la ITN. Hapo ndipo vijana wengi wa mikoani hubaki. Yeye mwaka 1973 alirudi kwao, akajiunga na Granada, televisheni ya kaskazini-magharibi ya Uingereza, na hakuhama tena.

Mji aliourudia ulikuwa umechoka. Manchester ulijengwa kwa pamba. Mitambo ya Lancashire ilivuta pamba kutoka pande zote za dunia, na mwaka 1902 wenye viwanda waliunda chama cha kuhimiza kilimo cha zao hilo katika makoloni, Uganda ikiwa mojawapo. Wazee wa Uganda wanaokumbuka kulima pamba kwa amri watajua jembe lao lilikuwa linalisha nini. Lakini kufikia miaka ya 1970 viwanda vingi vilikuwa vimefungwa, maghala ya matofali mekundu yamebaki matupu, na vijana wakimaliza shule hawana pa kwenda.

Wilson alitangaza habari za jioni za kanda. Kazi hiyo tunaijua: leo daraja limevunjika, kesho mbuzi mwenye miguu mitano. Alifanya hata zile taarifa za kuchekesha ambapo mtangazaji anapelekwa kujaribu jambo la hatari ili watazamaji wacheke, kama kuruka mlimani kwa tiara kubwa. Watu walimjua sura, na si wote walimpenda. Alikuwa mwongeaji, mwenye maneno ya vitabuni, na hakuwa na aibu ya kujisifu.

Usiku wa watu arobaini

Tarehe 4 Juni 1976 bendi ya vijana wakorofi kutoka London, Sex Pistols, ilipiga katika ukumbi mdogo wa Manchester. Walioandaa onyesho hilo ni vijana wawili wa huko huko, Howard Devoto na Pete Shelley, waliokuwa na bendi yao ya Buzzcocks. Watazamaji hawakuzidi sana arobaini. Siku hizi ukiwauliza watu wa Manchester wa umri ule, waliokuwemo wanafika maelfu. Wilson naye alisema alikuwepo, na wapo wanaobisha kwamba alifika kwenye onyesho la pili la mwezi uliofuata.

Asiyebishiwa ni Peter Hook. Alikwenda na rafiki yake Bernard Sumner, na kesho yake Hook akanunua gitaa la besi. Hakujua kulipiga. Walikuwa wameona kwamba wale wa jukwaani nao hawakujua sana, na hilo liliwatosha.

Wilson alikuwa na kipindi cha muziki, So It Goes, kilichoonekana kupitia Granada. Mwaka huohuo wa 1976 akawaweka Sex Pistols humo, na hiyo ikawa mara yao ya kwanza kuonekana kwenye televisheni. Mwaka uliofuata kipindi kilifungwa. Hapa ndipo tunapomheshimu kama mtu wa kazi moja na yetu. Alipokosa kipindi hakusubiri kupewa kingine. Mei 1978 yeye na rafiki yake mwigizaji, Alan Erasmus, walianza kukodi ukumbi katika mtaa wa Hulme, mtaa wa maghorofa mabovu, wakaleta bendi kupiga. Usiku huo waliuita Factory, yaani Kiwanda, katika mji ambao viwanda vyake vilikuwa vinafunga.

Kijana mmoja wa chuo cha sanaa, Peter Saville, alichora bango la matangazo. Likawa zuri kupita kiasi, na likachelewa. Usiku wa kwanza ulipita kabla halijafika. Bango hilo walilipa namba, FAC 1, na tangu hapo kila kitu walichokitengeneza kikapewa namba yake: santuri, mabango, baadaye hata paka.

Karatasi

Bendi ya Hook na Sumner ilikuwa imepata mwimbaji, Ian Curtis, na mpiga ngoma, Stephen Morris. Walijiita Joy Division. Curtis alimfuata Wilson akamtukana kwa kutowaweka kwenye televisheni. Septemba 1978 Wilson akawaweka, ndani ya taarifa ya habari ya jioni ya kanda, katikati ya habari za kawaida.

Tueleze kidogo kuhusu besi, kwa sababu ndiyo moyo wa jambo hili. Kwenye rumba unajua kazi yake: solo inakuchezea masikio, besi inakutoa kitini. Kwa kawaida hupigwa chini, kwenye sauti nzito. Hook alipiga juu, kwenye nyuzi nyembamba, kama anayeimba. Sababu yenyewe ilikuwa umaskini wa vyombo. Amplifaya yake ilikuwa mbovu, na akipiga chini hajisikii kwa kelele za wenzake. Akapanda juu ili ajisikie, na huko juu akapata sauti ambayo bendi nyingi zimeiga hadi leo. Ukitaka kuisikia, tafuta spika au visikilizi vya masikioni. Spika ndogo ya simu huila besi yote, utabaki na makelele ya gitaa tu.

Wilson, Erasmus, Saville, mtayarishaji Martin Hannett na meneja Rob Gretton wakaanza kutoa santuri. Ofisi ilikuwa nyumbani kwa Erasmus, barabara ya Palatine. Fedha za kwanza zilitoka kwenye urithi ambao Wilson aliachiwa na mama yake. Juni 1979 ikatoka albamu ya Joy Division, Unknown Pleasures, iliyorekodiwa Stockport, jirani kabisa. Gretton alisisitiza jambo moja: hakuna kwenda London. Kampuni kubwa zote zilikuwa London, na kijana wa kaskazini aliyetaka kurekodi alipaswa kupanda treni na kofia mkononi. Gretton aliona fedha za nauli na hoteli zingefanya kazi zaidi zikibaki nyumbani.

Kisha ikaja karatasi. Kampuni ya kurekodi kwa kawaida hufanya hivi: inampa mwanamuziki fedha za kuanzia, inamfunga kwa miaka au kwa idadi ya albamu, na kazi yote anayorekodi inakuwa mali ya kampuni. Mwanamuziki anapata asilimia ndogo, tena baada ya deni kukatwa. Factory iligeuza hayo. Faida iligawanywa nusu kwa nusu. Na kulikuwa na maandishi mafupi, yanayosimuliwa kwamba Wilson aliyaandika kwa damu yake mwenyewe, yaliyosema kwa ufupi kwamba kampuni haimiliki kitu, wanamuziki wanamiliki kila kitu, na wako huru kuondoka wakitaka. Damu ilikuwa ya maonyesho, alipenda mambo hayo. Lakini yaliyoandikwa yalikuwa ya kweli, na miaka mingi baadaye mawakili wangeyasoma kwa makini.

Tarehe 18 Mei 1980, siku moja kabla ya safari ya kwanza ya Marekani, Ian Curtis alijiua. Alikuwa na miaka 23, ana kifafa kilichokuwa kinazidi, ndoa inavunjika, na mtoto mdogo. Watu waliokuwa karibu naye, Wilson akiwemo, walikiri baadaye kwamba walisikia mashairi yake wakayachukulia kama sanaa tu. Hatutaki kulikuza hili wala kulipita haraka. Kama kuna mtu karibu nawe ambaye maneno yake yamekuwa mazito, muulize moja kwa moja. Kumuuliza hakumtii wazo baya kichwani.

Ukumbi uliokula fedha

Watatu waliobaki wakaongeza mpiga kinanda, Gillian Gilbert, wakajiita New Order. Machi 1983 wakatoa Blue Monday, wimbo wa zaidi ya dakika saba uliojengwa kwa mashine za ngoma na besi ya Hook juu yake. Ni santuri ya inchi 12 iliyouzwa zaidi Uingereza kuliko nyingine yoyote. Saville alitengeneza kasha lake kama diski ya kompyuta, lenye matundu yaliyokatwa. Inasimuliwa kwamba kasha lilikuwa ghali kiasi cha kampuni kupata hasara kwa kila nakala. Wengine wanasema hasara hiyo ilikuwa kwa nakala za mwanzo tu. Vyovyote iwavyo, hakuna aliyekuwa amepiga hesabu kabla ya kuchapa.

Fedha za New Order zilikuwa zinakwenda kwingine pia. Tarehe 21 Mei 1982 Factory na bendi walifungua ukumbi wa muziki na disko, The Haçienda, katika jengo lililokuwa duka la kuonyeshea mashua. Mbunifu Ben Kelly aliacha nguzo za chuma wazi na kuzipaka mistari ya njano na nyeusi kama alama za hatari kiwandani. Ulikuwa mkubwa, mzuri, na kwa miaka kadhaa mtupu. Siku za katikati ya wiki watu wachache walisimama ndani wakiwa na makoti yao, sauti inarudi kutoka kuta. Wanabendi walikuwa wanajilipa mshahara mdogo wa wiki huku santuri yao ikiuzwa dunia nzima. Hook amekuja kuandika kitabu kizima juu ya jinsi ya kutoendesha klabu. Hannett naye alitaka fedha zile zinunue mitambo ya studio. Alipokataliwa aliishtaki kampuni yake mwenyewe. Kesi ilipewa namba ya FAC. Tunacheka, lakini urafiki ulikufa pale.

Mambo yaligeuka kuanzia mwaka 1986. Madijei wa Haçienda, Mike Pickering akiwa mbele, walianza kupiga muziki wa house uliotoka Chicago na ule wa Detroit, uliotengenezwa na vijana weusi wa Marekani kwa mashine za bei ndogo. Polepole ukumbi ukajaa, kisha foleni ikazunguka jengo. Na hapo ndipo bendi za magitaa za kaskazini zilipopata somo. Waliokuwa wanacheza hadi alfajiri hawakuhitaji solo ndefu. Walitaka ngoma na besi izunguke palepale bila kuchoka.

Ndipo wapiga besi wetu wanapoingia. Paul Ryder na kaka yake Shaun, vijana wa Salford, Shaun akiwa amewahi kupeleka barua za posta, walikuwa na Happy Mondays chini ya Factory. Shaun ndiye aliyeandikwa magazetini. Besi ya Paul ndiyo iliyowabeba wengine wote, hata usiku ambao wenzake hawakujua wako wapi. Mani na The Stone Roses hawakuwa Factory, walikuwa kampuni nyingine, lakini walikunywa maji ya kisima kilekile. Fools Gold yao ya Novemba 1989 inakaribia dakika kumi, na besi ya Mani inatembea chini yake mwanzo hadi mwisho kama mtu anayejua anakokwenda. Tarehe 23 Novemba 1989 bendi zote mbili zilionekana katika kipindi kimoja cha Top of the Pops cha BBC. Kwa watu wa Manchester usiku huo ni kama kombe.

Huku nyuma Haçienda ilikuwa inaoza. Wengi waliojaza ukumbi walikuwa wametumia vidonge vya ecstasy, na mtu aliyetumia kidonge hanunui bia, anaomba maji. Klabu imejaa, kaunta haina kitu. Kibaya zaidi, mwaka 1989 msichana wa miaka 16 alikufa baada ya kutumia kidonge humo. Kisha magenge yakaja kugombea biashara ya mlangoni, mabaunsa wakatishiwa kwa bunduki. Januari 1991 wenyewe waliufunga, wakaufungua tena Mei, lakini hofu ilikuwa imeshaingia. Ukafungwa moja kwa moja mwaka 1997. Jengo limebomolewa, na yaliyojengwa mahali pake ni makazi ya kuuza yanayobeba jina lilelile.

Wilson aliwapenda vijana wakorofi na mara nyingi hakuona, au hakutaka kuona, bei iliyolipwa na wasio na majina. Kwetu hilo ndilo doa lake kubwa. Fedha zilizopotea ni dogo mbele yake.

Siku mawakili walipoifungua karatasi

Mwaka 1992 Factory ilikuwa na jengo jipya la ofisi lililogharimu fedha nyingi, lenye meza iliyoning'inizwa kwa nyaya kutoka darini, wakati bei za majengo Uingereza zinashuka. Happy Mondays walipelekwa Barbados kurekodi albamu mbali na heroini ya Manchester. Barbados walikuta kokeini ya kuvuta. Fedha zikayeyuka. New Order nao walikuwa wanarekodi polepole na kwa gharama.

Kampuni kubwa, London Records, ikaja kununua. Kilichowavutia ni nyimbo za Joy Division na New Order, mali ambayo huuzwa miaka na miaka. Wakaomba kuona mikataba. Walichokikuta ni ile karatasi. Factory haikuwa na nyimbo za kuuza, zilikuwa za bendi. Mpango ukavunjika, na Novemba 1992 Factory ikafilisika. New Order wakaenda kuzungumza na London Records wenyewe, wakiwa na mali yao mkononi.

Hapa tumebishana sana ofisini kwetu. Upande mmoja unaangalia yaliyowapata The Stone Roses. Wao walisaini mkataba wa kawaida mwaka 1988, wakajikuta wamefungwa vibaya, ikabidi waende mahakamani. Mei 1991 jaji aliamua kwamba masharti yale hayakuwa ya haki, wakaachiwa. Lakini albamu yao ya kwanza ilitoka mwaka 1989 na ya pili Desemba 1994. Si kesi peke yake iliyowachelewesha, ila miaka bora ya Mani na wenzake ilipita huku wakizungumza na mawakili.

Upande wa pili unamtaja Andy Rourke. The Smiths hawakuwa Factory, na kati yao wanne hawakuandikiana mgawo wa fedha za kurekodi na maonyesho. Watunzi wa nyimbo, Morrissey na Johnny Marr, walichukua asilimia 40 kila mmoja, Rourke na mpiga ngoma Mike Joyce wakapata 10 kila mmoja. Mwaka 1989 Rourke, akiwa na shida ya fedha, alikubali pauni 83,000 na asilimia 10 zake ziendelee, akaacha madai mengine. Joyce aliendelea na kesi. Mwaka 1996 mahakama ikasema kwa kuwa hapakuwa na makubaliano mengine, sheria ya ubia ya mwaka 1890 inawahesabu wote sawa, na Joyce akapata asilimia 25. Rourke, aliyepiga besi kwenye nyimbo zilezile, hakuweza kurudi nyuma. Mwaka 1999 alitangazwa kufilisika.

Kwa hiyo tunapowasikia wasanii wa huku kwetu wakisema wao na prodyuza wanaaminiana na hawahitaji kuandikishana, tunamfikiria Rourke. Na karatasi ya Wilson nayo, pamoja na damu yake, ilikuwa maandishi. Ilikuwa fupi, lakini ilisema wazi mali ni ya nani.

Wilson mwenyewe hakupata utajiri. Aliishi kwa mshahara wa utangazaji. Mwaka huohuo wa 1992 yeye na mwenzi wake Yvette Livesey walianzisha mkutano wa kila mwaka wa biashara ya muziki, In the City. Alijaribu kuifufua Factory zaidi ya mara moja bila kufika mbali. Alipigania kaskazini-magharibi ipate bunge lake la kanda. Mwaka 2002 ilitoka filamu juu yake, 24 Hour Party People, mwigizaji Steve Coogan akimwigiza kama mtu wa kujigamba na kuchekesha. Yeye akakubali kuonekana humo kwa muda mfupi. Miaka ya mwisho alikuwa redioni, Xfm Manchester na redio ya BBC ya mji huo. Alikuwa shabiki wa United, kwa mlioanza kusoma mkitafuta jibu hilo. Gretton alikuwa City.

Dawa

Mwanzoni mwa mwaka 2007 madaktari waliondoa figo yake moja kwa sababu ya saratani. Ilikuwa imeenea. Walipendekeza dawa iitwayo Sutent, gharama yake ikiwa takriban pauni 3,500 kwa mwezi. Huduma ya afya ya umma katika eneo lake ilikataa kuilipia, wakati wagonjwa wa baadhi ya maeneo ya jirani walikuwa wanaipata. Kwa miaka mingi alikuwa akitania kwamba kuna watu wanaotengeneza fedha na wengine wanaotengeneza historia. Utani huo ulimchoma alipougua, naye alisema hivyo hadharani.

Marafiki wakachanga. Watu wa Happy Mondays na wengine wa muziki walilipia dawa. Kundi lile ambalo safari yao ya Barbados ilisaidia kuizamisha kampuni yake sasa lilikuwa linanunua miezi yake. Alifariki tarehe 10 Agosti 2007 katika hospitali ya Christie, Manchester, kwa mshtuko wa moyo, akiwa na miaka 57. Bendera kwenye jengo la halmashauri ya mji zilishushwa nusu mlingoti, heshima ambayo watangazaji wa habari za mikoani hatuizoei.

Misa ya mazishi ilifanyika katika kanisa Katoliki la St Mary's katikati ya mji, akazikwa makaburi ya Southern. Jeneza lake lilipewa namba ya Factory, FAC 501. Jiwe la kaburi, la rangi nyeusi, lilibuniwa na Peter Saville pamoja na Ben Kelly. Lilizinduliwa Oktoba 2010, miaka mitatu baada ya mazishi. Waliomjua Saville tangu siku za lile bango la kwanza hawakushangaa.